Kurasa Thelathini na Nane

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka mingi, tangu nilipoanza kuandika safu ya uhakiki wa riwaya mpya za mapenzi katika lile jarida, na wenzangu wa idarani wakaanza kunitazama kama mtu aliyekutwa akimung'unya peremende mazishini. Swali lenyewe ni hili: mtu anayefungua riwaya ya mapenzi, hali anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hao watapatana, huwa anatafuta nini humo ndani? Hatafuti habari, maana habari anayo. Kuna siku nadhani anatafuta ruhusa. Anataka kumsikia mtu mwingine akitamani kwa sauti kile ambacho yeye ameona haya kukitamani. Kisha nasoma nyingine tano mfululizo, zote zina mwanamume mwenye mabega mapana na siri ya utotoni, nami nashuku kwamba nimewaheshimu wasomaji kuliko waandishi wenyewe wanavyowaheshimu. Sina uhakika.

Nimekutumia vitabu vitatu kwa basi la Jumanne. Cha kwanza ni cha daktari wa meno na mpiga tarumbeta aliyemkimbia. Cha pili ni cha wapangaji wawili waliotengana wakakutana tena kwenye ngazi za jengo lile lile. Cha tatu ni cha njozi: mfalme mwenye mbawa anamwacha malkia wake kwa miaka saba, kisha anarejea na ubawa mmoja. Hicho ndicho kinachosomwa na kila mtu mwaka huu. Wanafunzi wangu wamekipokezana hadi jalada limebanduka. Tafadhali msomee Mama taratibu, hasa sura ya mwisho, wala usiruke kitu. Nina sababu zangu za kihakiki.

Barua hii nimeiweka katikati ya kitabu cha tatu kama kawaida yetu, nawe ukijibu iweke ndani ya vile unavyonirudishia. Simu imetushinda. Kuta za nyumba hiyo ni nyembamba, na Mama tangu macho yazimike husikia hata mtu anapobadili mawazo.

Niandikie anasema nini anaposomewa. Usipambe.

Dada yako

*

13 Februari

Dada Profesa,

Najua uprofesa bado hawajakupa, mimi nakupa bure.

Vitabu vimefika, kimoja kimelowa pembe, yule kondakta alikikalia au alikiogesha sijui. Mama kabla sijafungua hata neno la kwanza anavitaka mikononi. Ananusa gundi. Anapapasa mgongo wa kitabu na kucha, anauliza: "Hiki kimeshonwa au wamekibandika tu?" Nikamwambia kimebandikwa. Akasema, "Wavivu. Mapenzi ya kubandika." Miaka thelathini ya kujalidi vitabu kiwandani haijamtoka hata kidogo. Jana alikuwa anakunja shuka, nikadhani anakunja karatasi za chapa: pembe kwa pembe, kisha anapitisha ukucha kwenye mkunjo.

Sasa ratiba yetu. Asubuhi niko dukani kwenye mashine za fotokopi, watu wananifokea kwa sababu vyeti vyao vimetoka vyeusi. Saa tisa narudi, nakula, nasoma. Jirani yetu mwalimu mstaafu wa hesabu siku hizi anakuja na kiti chake, anadai amepita tu. Amepita tu kila siku kwa wiki tatu.

Yule wa meno hawakumpenda. Mama alisema, "Mwanamke ana kazi, ana nyumba, ana meno ya watu wote mjini, anamtafutia nini mpuliza tarumbeta?" Wale wa ngazi walimchekesha. Lakini huyu wa mbawa, dada, ametushika. Tumefika pale anarudi mara ya kwanza, yuko nje ya ukuta, mvua inampiga, malkia anamtazama kutoka dirishani. Nikanyamaza kidogo nivute pumzi. Mama akasema, "Mwacheni aingie jamani, mvua hiyo itamharibia mbawa." Mwalimu akacheka mpaka kiti kikalia.

Umeniambia nisipambe, sijapamba.

Halafu nikuulize: sababu za kihakiki ndiyo nini? Tangu lini unanifundisha kusoma taratibu?

Mdogo wako, Kitinda

*

9 Machi

Kitinda,

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana mara tatu, kwa kuwa kila mara niliandika neno ambalo nisingetaka kulisoma nikiwa mzee. Hii ya nne nitaituma hata ikiwa na maneno hayo.

Jumamosi iliyopita Baba alikuja nyumbani. Hilo unalijua, ulikuwepo. Alinipigia simu jioni ile akiwa kituo cha basi, na kwa muda mrefu sikumwelewa, kwa kuwa alikuwa akirudia sentensi moja tu. Alisema kwamba Mama hakufungua mlango. Alimjibu akiwa ndani: "Lango hili lina komeo moja tu, nalo liko upande wangu."

Nilijua tamko hilo halikuwa la Mama. Mama hasemi "lango". Nyumba yetu haina lango, ina mlango wa mbao na kitasa kibovu. Nikachukua nakala yangu ya kitabu cha mfalme mwenye mbawa, nikasoma sura mbili za mwisho neno kwa neno. Sentensi hiyo haimo. Malkia anashuka ngazi mwenyewe, anafungua lango kwa mikono miwili, anamfunga jeraha la ubawa, na kitabu kinaisha wakiwa wamekaa kizingitini asubuhi.

Umembadilishia Mama mwisho wa kitabu.

Nimejaribu kutafuta jina la kitendo hiki na sijapata lililo jepesi. Mtu asiyeona ametukabidhi macho yake. Anapoketi na kusikiliza, hana njia ya kuhakiki. Anaamini kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Ukamtilia maneno yako masikioni, yakatulia humo, na siku mzee wa miaka sitini na minane aliposimama mlangoni akiwa na mfuko wa nguo, maneno hayo yakatoka kana kwamba ni yake. Umemfanya Mama aseme usichothubutu kukisema mwenyewe.

Nani alikupa ruhusa hiyo? Nakuuliza kwa dhati. Nami nataka jibu, sitaki utani.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Hutaki utani, sawa, leo sina.

Swali la kwanza: yule bwana ana namba yako ya simu tangu lini?

Soma tena barua yako. Kurasa mbili za kunishtaki, na katikati umedondosha tu kwamba alikupigia, kama vile ni fundi bomba. Miaka kumi na saba! Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa chuoni bwenini, ulipewa habari kwa barua. Mimi ndiye niliyeambiwa pale pale jikoni, "Naenda kutafuta mkanda wa mashine, nikirudi nitakutengenezea baiskeli." Mkanda wa mashine. Nilimaliza shule nikiwa bado nageuka kila nikisikia kitasa. Na Mama alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kiwandani kushona vitabu vya watu, anarudi vidole vimepasuka kwa gundi, hadi macho yakaanza kufifia, hadi yakazima kabisa. Mimi ndiye niliyemwongoza mara ya kwanza kutoka kitandani hadi bafuni. Nilihesabu hatua. Ni kumi na nne.

Basi nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa wewe umepewa habari na upande mmoja.

Ni kweli nilibadilisha. Nilifika sura ya mwisho nikaipitisha macho kwanza, nikaona malkia anashuka ngazi. Mama alikuwa ameketi ameshika ncha za kanga yake, Mwalimu ameinama mbele. Mdomo wangu ukakataa, dada. Ukakataa tu. Nikasema malkia alisimama nyuma ya lango na kumwambia lile neno la komeo, kisha akarudi juu kuendelea na kazi za ufalme. Nikafunga kitabu. Mwalimu akasema, "Hapo amemmaliza." Mama alinyoosha mikono, akakichukua kitabu, akakishika kwa muda, akakiweka kando. Ni hayo tu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, tunakunja nguo, mlango unabishwa. Mwalimu akauliza, "Nani?" Ikaja ile sauti. Mimi mkono ukabaki hewani na shati.

"Ni mimi. Mama watoto, ni mimi."

Mama akaendelea kukunja. Akakunja mpaka mwisho, akapitisha ukucha. Ndipo akasema, "Wewe nani?"

"Fundi wako."

"Mashine gani imeharibika?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Yeye akaanza. Magoti yanamsumbua. Karakana aliyokuwa anafanya imefungwa. Amekosa, anajua amekosa, halali vizuri. Akazungumza mpaka Mwalimu akatazama saa. Halafu akasema neno lililonifanya nikae chini: "Binti yetu mkubwa ameniambia umeanza kulainika."

Kulainika! Kama ngozi iliyolowekwa! Sasa nikaelewa ulikolipata. Ulilipata kwenye barua yangu. Ile ya mvua na mbawa. Ulichukua utani wa Mama juu ya ndege wa kwenye kitabu, ukampelekea yule bwana kama cheti cha msamaha.

Na kuna jambo jingine. Jana niliviorodhesha vitabu vyako vyote ulivyotuletea tangu mwaka jana. Viko kumi na kimoja. Mpiga tarumbeta anarudi. Mpangaji anarudi. Nahodha anarudi, mchawi anarudi, yule aliyegeuzwa jiwe naye, jiwe zima, anarudi. Na wote wanasamehewa. Hakuna hata kimoja ambacho mwanamke anaolewa na mwingine, au anabaki na maisha yake akafurahi. Usiniambie havichapishwi, wewe mwenyewe unaandika kwamba vinaletwa mezani kwako kwa maboksi.

Mimi nilibadilisha kurasa chache za mwisho. Wewe umebadilisha rafu nzima. Nani alikupa ruhusa?

Kitinda

*

22 Machi

Kitinda,

Nilitaka kukujibu siku ile ile kwa hasira, nikangoja ipoe. Haijapoa, ila imepata mpangilio.

Ni kweli. Baba aliniandikia mwaka jana mwezi wa pili, kupitia jarida. Alikuwa ameona jina langu chini ya uhakiki wa riwaya fulani ya mapenzi, akaisoma safu yote, kisha akaandika: "Unaandika vizuri, ila hukusema kama yule bwana alistahili." Nilikaa na barua hiyo mezani kwa siku tisa. Wewe unamkumbuka kwa mlango alioondokea. Mimi namkumbuka akinifundisha kusoma kwa karatasi zilizoharibika kiwandani, zile zenye mistari iliyochapwa juu ya mistari, akiniambia nitafute neno moja lililo zima. Sisemi kumbukumbu yangu inafuta yako. Nasema tu kwamba tulilelewa na watu wawili tofauti waliovaa viatu vile vile.

Nikamjibu. Tumeandikiana kwa mwaka mmoja. Nilimwambia wewe una kazi, Mama yu mzima, nyumba ni ile ile. Sikumpa ahadi yoyote hadi barua yako ya Februari iliponifikia. Ndipo nikamwandikia neno lile ambalo umelichukia, nami sasa nalichukia pia.

Kuhusu vitabu, umeniumiza kwa kuwa umehesabu sawa. Nilijiambia kwamba navichagua kwa ubora. Nimevirudia vyote wiki hii, na angalau vinne ni vibaya. Vina mazungumzo ya mbao na mapigano yasiyoeleweka nani amemshika nani. Nilivituma kwa sababu ya mwisho wake. Mimi, ninayewafokea wanafunzi kwamba riwaya si dawa ya kumeza kijiko kwa kijiko.

Lakini sikubali kwamba tumefanya kosa moja. Mimi nilichagua vitabu. Maneno yaliyosomwa yalikuwa ya waandishi, na Mama angeweza kuyakataa, kama alivyomkataa mpiga tarumbeta. Wewe ulimnyima hata nafasi ya kukataa. Au pengine tofauti hiyo naitunza kwa sababu inaninusuru. Nikiitazama kwa muda mrefu inaanza kuyeyuka, nami nazidi kukasirika, na sijui tena ni wewe ninayekukasirikia.

Nakuomba jambo moja. Mwambie Mama ukweli wa sura ile. Msomee.

Dada yako

*

30 Machi

Kwenu nyote wawili,

Anayeandika ni Mwalimu, mkono ni wake, maneno ni yangu. Nimemwambia asinisahihishe hata neno moja, na asipoandika ninavyosema nitajua, kwa sababu naisikiliza kalamu yake.

Mna akili, mmesoma, mmoja anafundisha chuo kikuu, mwingine anatoa fotokopi za vyeti vya waliosoma. Kisha mkachukua karatasi mkazificha ndani ya kitabu, katika nyumba ya mjalidi wa vitabu. Nyinyi ni wajinga. (Mimi mwandishi nimeamriwa niliache neno hilo.)

Karatasi ya barua ni nyembamba kuliko ya kitabu. Nikishika kitabu kina kitu tumboni, kinapumua vibaya. Nimezijua barua zenu tangu ya kwanza. Ya mkubwa naikuta kitabu kikiingia. Ya mdogo naikuta kwenye rafu, ikingoja basi la Ijumaa. Asubuhi Kitinda akienda dukani, Mwalimu ananisomea, kisha tunairudisha pale pale, ukurasa ule ule. Kwa hiyo msijisumbue kunieleza kitu. Nimesoma kesi yote kabla ya mahakimu.

Kitinda. Siku ile ulipofunga kitabu cha mbawa ukasema kimekwisha, nilikichukua nikashika pale ulipokuwa umeweka kidole. Upande wa kulia ilibaki mikunjo miwili na majani matatu. Mkunjo mmoja kurasa kumi na sita, jani moja kurasa mbili. Kurasa thelathini na nane, mwanangu! Nimeshona vitabu kabla hujazaliwa, unadhani sitajua kitabu ambacho hakijaisha? Ningekuumbua mbele ya Mwalimu, ila nilikaa nikafikiri: huyu mtoto hajawahi kuniambia anachotaka. Ananipikia, ananiongoza, ananisomea, na kila nikimuuliza ananiambia "sawa tu, Mama." Leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia. Nikakiweka kando. Sikukushukuru na sikushukuru sasa. Ungeweza kuniambia uso kwa uso, bila kumsingizia malkia.

Mkubwa. Kitabu cha tatu ulichotuma nilijua unaandikiana na baba yenu, cha nne nikawa na hakika. Nilisema "mwacheni aingie." Nilihurumia mbawa! Mtu hawezi kucheka na ndege katika nyumba yake mwenyewe bila kufungishwa ndoa upya?

Mnagombania nani alinidanganya kidogo na nani sana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini sikufungua. Mmoja anasema ni kwa maneno ya Kitinda, mwingine hakani, wote mnanifanya kasuku. Lile neno la komeo nililitumia kwa sababu ni neno zuri. Angelisema mwendawazimu barabarani ningelitumia.

Nitawaambia mara moja. Mwalimu alinisomea zile kurasa thelathini na nane asubuhi iliyofuata. Mfalme analia kurasa nne. Anaeleza ubawa wake, baridi yake, majuto yake, ndoto zake. Kurasa nne, na hakuna mahali anamuuliza yule mwanamke, "Nawe uliishije?" Naye mwanamke anashuka ngazi na kumfunga jeraha hali yeye mwenyewe hajaulizwa hata anaumwa wapi. Nikamwambia Mwalimu, mwandishi huyu amesahau ukurasa.

Kisha Fundi akaja mlangoni. Nilikunja nguo niliyoshika hadi mwisho nikifikiri. Nilijiambia: mkubwa amekuwa akimwandikia, basi anajua kwamba sioni. Akiuliza macho yangu, neno moja tu, "Macho yanaendeleaje?", nitafungua. Si kwamba nitamrudisha. Nitafungua. Nikangoja. Magoti, nikangoja. Karakana, nikangoja. Usingizi wake, nikangoja. Alipofika kwenye kulainika nikajua haliji. Sikufungua.

Hiyo ndiyo sababu, na ni yangu, haikutoka kwenye kitabu.

Kuanzia leo hakuna kusomewa mapenzi katika nyumba hii. Vitabu vyako vilivyobaki hapa nimevifunga kamba, vinarudi vyote. Na Mwalimu anasafiri Alhamisi kwa mwanawe, atakaa huko hadi mwezi wa saba, kwa hiyo mkiniandikia, Kitinda ndiye atakayenisomea. Mtajua wenyewe mtakavyofanya.

Mama yenu

*

8 Aprili

Mama,

Kitinda atakusomea barua hii. Kitinda, naomba uisome kama ilivyo. Siwezi kukulazimisha, na baada ya yote niliyokuandikia sina hata haki ya kuomba, lakini naomba.

Vitabu vimefika. Kamba umeifunga kwa fundo la kiwandani, lile lisilofunguka mpaka likatwe, nikaelewa. Nimevipanga sakafuni ofisini kwangu na wenzangu wanaviruka wakipita. Safu ya mwezi huu sijaiandika. Mhariri amenipigia mara mbili.

Nimeisoma barua yako, Mama, hadi pale uliposema ulikuwa unangoja aulize macho, nikasimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikatoa kutoka kwenye droo barua zote nilizomwandikia Baba, kwa kuwa huwa naweka nakala, na nikazisoma moja baada ya nyingine nikitafuta sentensi ambayo tayari nilijua sitaipata.

Hakuuliza kwa sababu hakujua. Sikumwambia.

Alipoondoka ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano bila hata kusogea penye mwanga. Macho yalianza kufifia miaka sita baadaye. Katika mwaka mzima wa barua nilimweleza rangi ya mlango, kazi ya Kitinda, mti ulioanguka nyuma ya nyumba. Nilimwandikia "Mama yu mzima." Hata niliposema unapenda riwaya mpya, niliandika "anasoma sana siku hizi." Alisimama pale nje akidhani anazungumza na mtu anayeweza kumchungulia dirishani akamwona alivyozeeka. Pengine ndiyo maana aliyaeleza magoti yake kwa kirefu. Pengine sivyo, huenda ni mtu wa kujieleza tu, na angejua asingeuliza vilevile. Siwezi kusema.

Kwa nini nilinyamaza? Jibu la kwanza nililojipa ni kwamba sikutaka aje kwa huruma. Ni jibu zuri, lingefaa katika mojawapo ya vitabu vile. La pili, ambalo nimelifikia juzi bila kupenda, ni kwamba niliogopa akijua asije kabisa. Kwa hiyo nilimhukumu kimya kimya kuwa mtu wa aina ile, huku nikiwatumia vitabu kumi na kimoja vya kuwashawishi kwamba siye. Nilimwita Kitinda mdanganyifu kwa kubadilisha kurasa zilizoandikwa. Mimi niliondoa ukurasa mmoja, na ndio uliokuwa ukiungoja.

Kitinda, najua utakachosema ukifika hapa. Utasema haibadilishi kitu, mtu aliyekaa mbali miaka kumi na saba hahitaji kuarifiwa ndipo aulize "Uliishije?" Huenda una haki. Nimelipima wazo hilo pande zote na sijapata pa kulikatia. Nina hasira nawe bado, kwa kuwa ungeniuliza mwaka mzima uliopita kwa nini wote wanarudi, nawe ukangoja mpaka uwe na silaha. Nina hasira na Baba kwa lile neno alilolitoa mlangoni, ingawa nililiandika mimi. Hasira nyingine nimeshindwa kuipa anwani.

Hajui hata sasa. Yuko kwa rafiki yake, karibu na kituo cha reli. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe, Mama. Nimegusa mengi mno tayari.

Lile swali la msomaji wa mapenzi anatafuta nini, sijalijibu, na nadhani sasa najua kwa nini halijibiki nami. Ili kulijibu ingebidi nimtazame msomaji mmoja akisoma kitabu kizima bila mtu kumwekea mkono, akifika mwisho ambao hakuna aliyemchagulia. Nilikuwa na msomaji wa namna hiyo mmoja tu maishani, na ushahidi nimeuharibu mwenyewe. Hatutajua kama ungefungua. Mtu pekee ambaye angeuliza hakuwa na cha kuuliza, na hilo halitokani na yeye wala na wewe.

Namaliza. Karatasi ni mbili. Ya pili imeandikwa upande mmoja, hadi chini kabisa. Nimebonyeza kalamu kwa nguvu kuliko kawaida ili maandishi yajitokeze upande wa nyuma. Sitajua kama sauti ya Kitinda imefika hapa. Lakini akikukabidhi karatasi, Mama, ipapase, utajua mistari imebaki mingapi.

Binti yako mkubwa